Matuta ya Mboga kwa Shamba Darasa: Pima Maji Kabla ya Kuinua Udongo

Kikundi kinapopata kiwanja cha kufundishia kilimo cha mboga, wazo la kwanza huwa ni kuinua matuta. Mbao hutafutwa, udongo husombwa kwa wilbaro, na kufikia mwezi wa Mei, mvua ya masika ikiwa imekolea, sukuma wiki na mchicha hustawi hadi wapita njia wakasimama kutazama. Kisha huja Januari. Upepo wa kaskazi unavuma, jua linawaka, kisima kinapungua, na matuta yaleyale yanakauka. Wanachama huanza kukosa zamu zao mmoja baada ya mwingine. Kufikia masika mengine, kiwanja kimerudi kuwa malisho ya mbuzi.

Mara nyingi watu hudhani bustani ya namna hiyo imekufa kwa uvivu. Ukweli ni kwamba kosa huwa limefanyika siku ya kwanza, pale kikundi kilipohesabu matuta kinayotaka kabla ya kuhesabu maji kilichonayo. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupanga, kujenga na kutunza matuta ya shamba darasa katika mazingira ya Kaunti ya Kilifi, ili bustani iliyoanza na mvua iweze kuvuka kiangazi.

Shamba darasa ni nini

Shamba darasa ni kiwanja ambacho wakazi hujifunza kilimo kwa kulima, kutazama na kulinganisha. Mbinu hii ilianza nchini Indonesia mwaka wa 1989 miongoni mwa wakulima wa mpunga, ikafika Kenya katika miaka ya 1990. Msingi wake ni kwamba mkulima huamini anachokiona shambani kuliko anachoambiwa mkutanoni. Kwa hiyo shamba darasa halipimwi kwa ukubwa. Matuta matatu yanayotunzwa vizuri mwaka mzima hufundisha zaidi ya matuta kumi yanayokauka mwezi wa pili.

Kazi ya tuta lililoinuliwa

Tuta lililoinuliwa ni sehemu ya kupandia ambayo udongo wake umepandishwa juu ya usawa wa ardhi, kwa kawaida sentimita 20 hadi 30. Faida zake ni nne. Kwanza, maji ya mvua kubwa hayatuami kwenye mizizi. Pili, mahali penye mwamba wa matumbawe karibu na uso wa ardhi, mizizi hupata kina cha udongo ambacho hakikuwepo. Tatu, mbolea huwekwa mahali mmea ulipo tu, haitawanywi shamba zima. Nne, hakuna anayekanyaga tuta, hivyo udongo hubaki laini na wenye hewa.

Hata hivyo, kinachoinuliwa juu hukauka haraka. Upepo na jua hulipiga tuta kutoka juu na kutoka pembeni, na maji hutiririka kwenda chini. Ndiyo sababu tuta la juu linaloiokoa bustani wakati wa mafuriko ndilo linaloweza kuiua wakati wa ukame. Wakazi wa kaunti hii wameyaona yote mawili kwa muda mfupi: misimu ya mvua iliyokosekana kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, kisha mvua za El Niño za mwisho wa 2023.

Jaribio la shimo moja

Udongo wa Kilifi haufanani. Ukanda wa pwani una mwamba wa matumbawe wenye udongo mwembamba juu yake. Upande wa Magarini kuna maeneo mapana ya mchanga mwekundu. Kando ya mto Sabaki kuna mfinyanzi mzito unaoshika maji. Tuta linalofaa sehemu moja huenda lisifae nyingine, na jaribio rahisi linaweza kuonyesha tofauti kabla ya fedha yoyote kutumika.

Chimba shimo la kina cha sentimita 30 na upana kama huo. Lijaze maji, uyaache yazame yote. Lijaze tena, kisha utazame saa.

Maji yakibaki shimoni baada ya saa nne, udongo hautoi maji vizuri. Hapo inua tuta sentimita 30 bila wasiwasi.

Maji yakizama kwa saa moja au mbili, udongo ni wa wastani. Tuta la sentimita 15 hadi 20 linatosha.

Maji yakitoweka kwa dakika chache, huo ni mchanga. Usiinue tuta. Chimba jaruba, yaani sehemu ya kupandia iliyoshuka sentimita 10 hadi 15 chini ya usawa wa ardhi na kuzungushiwa kingo ndogo za udongo. Jaruba hukusanya maji ya mvua na kuikinga miche na upepo.

Shimo likigonga mwamba kabla ya kufika sentimita 30, hakuna njia ila kuinua, na itabidi tuta liwekewe kuta ili lishike udongo wa kutosha.

Hesabu ya maji

Hii ndiyo sehemu ambayo kikundi kinapaswa kuifanya kwa kalamu na daftari, wanachama wote wakiwepo.

Tuta la kawaida lina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 5, yaani mita za mraba 6. Katika jua la pwani, mboga iliyokomaa huhitaji takriban lita 5 za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta moja basi linahitaji lita 30, yaani mtungi mmoja na nusu wa lita 20. Matuta kumi yanahitaji lita 300, yaani mitungi 15 kila siku isiyo na mvua, pamoja na Jumapili, Ijumaa na sikukuu.

Sasa angalia yanakotoka maji hayo. Tuseme kikundi kiko shuleni, na paa la mabati la madarasa lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 8. Kila milimita moja ya mvua inayoanguka juu ya paa hilo ni lita 160. Ukitoa yanayomwagika na yanayopotea njiani, zinabaki kama lita 128. Kwa hiyo milimita 80 hivi za mvua ya vuli zinaweza kujaza tangi la lita 10,000.

Tangi hilo likiwa limejaa tarehe 1 Januari, matuta kumi yatalimaliza kwa siku 33. Kufikia siku za kwanza za Februari hakuna kitu, na kiangazi ndiyo kwanza kimeanza kuuma. Matuta matatu, yanayotumia lita 90 kwa siku, yatakwenda siku 111, yaani hadi katikati ya Aprili na zaidi, wakati masika inatarajiwa. Tangi ni lilelile na paa ni lilelile. Kilichobadilika ni idadi ya matuta.

Kikundi kinaweza kulima matuta kumi wakati wa mvua, kisha kupunguza hadi matatu kiangazi kinapoingia. Matuta yanayopumzika hufunikwa kwa nyasi kavu ili udongo usichomeke. Kupunguza kwa mpango ni somo zuri. Kukauka bila mpango huwakatisha watu tamaa.

Wanaotegemea kisima wapime kwa siku tatu mfululizo ni mitungi mingapi inachotwa kabla maji hayajashuka, na kipimo hicho kifanywe wakati wa kiangazi, si baada ya mvua. Kisima kilicho karibu na bahari kionjwe pia. Maji ya chumvi huacha weupe juu ya udongo na kuunguza ncha za majani. Maharagwe na karoti hayavumilii chumvi, ilhali spinachi hustahimili zaidi. Mvua kubwa husaidia kuisukuma chumvi chini ya mizizi, hivyo msimu wa maharagwe kwenye bustani kama hiyo ni wa masika.

Vipimo vinavyomfaa kila mtu

Upana wa tuta hutokana na urefu wa mkono wa mtu. Anayelima anapaswa kufika katikati bila kukanyaga, na hiyo ndiyo sababu ya mita 1 hadi 1.2. Tuta la watoto wa shule liwe na sentimita 90. Urefu usizidi mita 5 au 6, kwani tuta likirefuka sana watu hulivuka katikati badala ya kuzunguka.

Njia kati ya matuta iwe na upana wa sentimita 50 hadi 60. Njia kuu ya wilbaro iwe mita 1. Kwenye mteremko, matuta yalazwe kukingama na mteremko ili maji yasikate mifereji.

Shamba darasa la umma liwe na angalau tuta moja la watu wenye ulemavu na wazee. Tuta hilo hujengwa kwa kimo cha sentimita 60 hadi 70, upana wa sentimita 60 likifikiwa upande mmoja tu, na njia ya mita 1.2 iliyoshindiliwa vizuri ili kiti cha magurudumu kipite. Kwa kuwa tuta la juu namna hiyo hukauka kuliko yote, liwekwe karibu kabisa na tangi.

Kuta za tuta

Tuta la sentimita 20 halihitaji kuta. Pembe zake zikilazwa kidogo na kupigwa kwa mgongo wa chepe, litasimama. Kuta huhitajika tuta likipita sentimita 25, au udongo ukiwa wa mchanga unaomomonyoka.

Magogo ya mnazi uliokufa, fito za mvinje na mawe ya matumbawe yote yanafaa na yanapatikana karibu. Ikumbukwe kwamba matumbawe ni mawe ya chokaa. Udongo wenye chokaa nyingi hunyima mimea madini ya chuma, na majani machanga huwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Mahali kama hapo usiongeze majivu, kwani majivu huzidisha tatizo. Ongeza mboji na samadi.

Vifaa vya kuepuka ni vitatu. Nguzo kuukuu za umeme au reli zilizopakwa dawa nyeusi zisiguse udongo wa mboga. Mabati ya zamani ya asbesto yasikatwe wala kutumiwa, na maji ya paa lake yasikingwe. Boriti za mikoko zisikatwe kwa ajili ya bustani, maana ukataji wake unahitaji kibali na mikoko yenyewe ndiyo kinga ya fuo.

Kujaza tuta

Anza kwa kulegeza ardhi ya chini kwa jembe au uma, sentimita 20 hadi 30, bila kuipindua. Kisha chota udongo wa juu kutoka kwenye njia, uupandishe juu ya tuta. Kazi hii moja hufanya mambo mawili: tuta linapanda na njia inashuka.

Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu mbili za udongo mzuri wa juu kwa sehemu moja ya samadi iliyoiva au mboji. Tuta la mita za mraba 6 lenye kimo cha sentimita 25 huchukua mita za ujazo 1.5. Kwa wilbaro ya kawaida, hiyo ni kama wilbaro 15 za udongo na 7 au 8 za samadi. Kikundi kikiona samadi haitoshi matuta yote, kijaze machache kikamilifu badala ya kugawanya kidogo kidogo.

Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu. Samadi ya ng'ombe na mbuzi irundikwe kivulini, imwagiwe maji kidogo na kufunikwa kwa miezi miwili hadi mitatu. Ikiiva, haina harufu kali, haina joto, na huwezi kutambua kinyesi wala majani. Samadi ya kuku ina nguvu zaidi, hivyo hutumiwa kwa kiasi kidogo.

Katika udongo wa mchanga, vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa kwa maji baridi husaidia kushika unyevu. Makumbi mazima yanaweza kutandazwa chini kabisa ya tuta au kando ya njia.

Mwisho, tandaza nyasi kavu au majani juu ya udongo kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ndogo kuzunguka shina la kila mche. Matandazo ndiyo bima ya bei nafuu kuliko zote. Hupunguza maji yanayopaa, huzuia magugu, na huoza kuwa mbolea.

Nini kipandwe

Anza na mboga zinazojulikana na zinazoiva mapema, ili wanachama waonje jasho lao kabla hawajachoka. Mchicha hupandwa moja kwa moja tutani, mbegu zake ndogo zikichanganywa na mchanga ili zisidondoke kwa mafungu, na huanza kuchumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Majani ya kunde nayo huchumwa baada ya muda kama huo. Mnavu, sukuma wiki, bilinganya na pilipili huanzia kitaluni chini ya kivuli cha makuti, na miche huhamishwa jioni baada ya wiki nne hivi. Bamia hupandwa moja kwa moja na huzaa baada ya miezi miwili.

Mtsunga hujiotea wenyewe, na wengi huupalilia kama gugu. Kwenye shamba darasa unastahili kona yake. Wazee ndio walimu wa somo hilo: unachumwa lini, unapunguzwaje uchungu, unapikwa na nini.

Mbegu zinunuliwe kwa muuzaji aliyeidhinishwa, kwenye pakiti iliyofungwa na yenye tarehe. Risiti iwekwe kwenye faili ya kikundi.

Usipande jamii moja mahali pamoja misimu miwili mfululizo. Nyanya, bilinganya, pilipili na mnavu ni ndugu. Minyoo wa mizizi, ambao hupenda udongo wa mchanga na huacha vifundo kwenye mizizi, huongezeka pale ndugu hawa wanapofuatana.

Wadudu bila sumu kali

Mahali panapofundishia watoto, kinga huja kabla ya dawa. Kagua upande wa chini wa majani mara mbili kwa wiki. Viwavi na mayai huokotwa kwa mkono. Vidukari hupigwa kwa maji yenye sabuni kidogo. Majani mabichi ya mwarobaini yaliyotwangwa, kilo 1 kwa lita 5 za maji, huloweshwa usiku kucha, huchujwa na kunyunyizwa jioni. Ikibidi kutumia dawa ya dukani, iwe imesajiliwa, atumie mtu mzima aliyevaa kinga, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo ziandikwe pia kwenye kibao cha tuta hilo.

Kila tuta liwe na swali

Tofauti ya bustani ya kawaida na shamba darasa ni kulinganisha. Tuta moja liwekwe matandazo na jingine liachwe wazi, yote mawili yakiwa na mchicha uliopandwa siku moja. Tuta lililoinuliwa liwe jirani na jaruba. Daftari liandikwe tarehe ya kupanda, mitungi ya maji kwa wiki, tarehe ya kuchuma na uzito wa mavuno kwa mizani. Msimu ukiisha, hakuna haja ya mabishano. Mkulima atasoma mwenyewe ni tuta lipi lilimpa mboga nyingi kwa maji machache, na ndilo atakalolijenga nyumbani kwake.

Makubaliano kabla ya jembe

Migogoro ya bustani za vikundi huanza kwenye mambo mawili: ardhi na mavuno. Mwenye kiwanja, iwe ni shule, msikiti, kanisa au mtu binafsi, atoe ruhusa kwa maandishi inayotaja muda, matumizi ya maji na nani atabaki na tangi na ua muda ukiisha. Kikundi kiandike pia mavuno yatagawanywaje: ya nyumbani, ya kuuza na ya kununulia mbegu za msimu ujao. Ratiba ya zamu ibandikwe mahali pa wazi, pamoja na jina la atakayeshika zamu mwenzake akiugua.

Kikundi kinachotaka kufungua akaunti au kuomba msaada kinapaswa kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu.

Pa kuanzia

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za kilimo ziko mikononi mwa serikali za kaunti, na afisa wa kilimo wa wadi ndiye mlango wa kwanza kwa mkazi. Kikundi kinachokwenda kumwona kisiende mikono mitupu. Kibebe mambo matatu kwenye ukurasa mmoja: matokeo ya jaribio la shimo, idadi ya mitungi inayopatikana kwa siku wakati wa kiangazi, na barua ya ruhusa ya kiwanja. Kwa ukurasa huo, afisa ataweza kushauri kuhusu kimo cha matuta, mboga zinazofaa na mahali pa kupimia udongo.

Wanaotaka kupanda masika ijayo waanze kurundika samadi mwezi wa Desemba, wachimbe shimo la majaribio Januari, wapime kisima Februari wakati maji yako chini kabisa, na wajenge matuta Machi kabla ya mvua. Idadi ya matuta ya kudumu itokane na kipimo cha Februari.